Nyongeza ya Kujipa

Nyinyi vijana mnaosimama kando ya zile mashine za kujilipia, mikono mmeikunja kifuani kama askari wa geti, nina maneno na nyinyi. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kwenye supamaketi moja kubwa huko Nairobi. Nilichukua mkate, sabuni na dawa ya meno. "Gogo, hapa hatupangi laini," akaniambia, "tunajihudumia." Haya, nikajihudumia. Nikapitisha mkate mbele ya kile kioo chenye mwanga mwekundu, nikauweka pale, mashine ikalia. Nikauondoa, ikalia zaidi. Nikaweka kibeti changu pale pale juu ya mashine ili nipate mikono miwili, hapo ndipo ikashikwa na wazimu kabisa. Msichana wa kazi akaja mbio. Hakuniangalia usoni. Aliangalia kibeti changu, akauliza, "Shosho, umeongeza kitu?"

Umeongeza kitu! Mimi, niliyeuza sukari Bomet kabla mama yake hajamaliza shule ya msingi! Watu wote waliokuwa nyuma wakanyoosha shingo. Mjukuu wangu akaanza kucheka kwa aibu, akabonyeza hapa na pale, tukatoka. Alidhani nimemkasirikia msichana yule. Nilikuwa nimemkasirikia, ndiyo, lakini si sana. Kilichonichoma ni kwamba swali hilo hilo niliwahi kumuuliza mtu mimi mwenyewe, na jibu lake silisahau mpaka leo. Ndiyo sababu nimekaa chini kuwaandikia, na nitaandika polepole kwa sababu macho si yale.

Nilianza kazi ya duka nikiwa msichana na nikastaafu nikiwa na wajukuu. Nimekata sabuni za mche kwa waya, nimepima mafuta ya taa kwa pampu ya mkono, nimekunja magazeti yakawa pembe za kufungia chumvi. Mfuko wa kaki wa sukari ninaweza kuufunga hata leo nikiwa nimefumba macho, bila uzi na bila gundi, na ukiuangusha haufunguki. Hakuna anayeniomba niufunge. Shauri yenu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Obuya, mtu wa upande wa ziwa. Baba yake alikuja huku kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na yeye akaishia nyuma ya kaunta. Alikuwa mwembamba, na sweta yake ya kijani ilivaliwa Januari hadi Desemba. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Nyara," alizoea kuniita hivyo, maana yake binti yangu kwa lugha yao, "usiwahi kupunguza mbele ya mteja. Ukimwaga nyingi halafu uanze kuchota kurudisha, huyo hata ukimpa kilo na nusu ataenda kusema umemwibia. Anza na kidogo, halafu ongeza, ongeza, ongeza. Huyo atarudi." Jaribuni, wale ambao bado mna mizani. Nimeona wahudumu wengi wakimwaga sukari kama wanamimina zege, kisha wanashangaa kwa nini mteja amenuna.

Somo la pili lilikuwa nyongeza. Mizani ikishatulia na mteja ameona kilo yake kwa macho, unachota kidogo tena, unamtilia juu. Hiyo hupimi. Kwetu huku huwezi kumuuzia mtu kitu kikaishia pale pale kwenye mstari. Anayeuza maziwa humimina lita yako, halafu anakuongezea kidogo. Anayeuza maharagwe hujaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mpaka lifanye kilima, kisha hutupia konzi moja juu ya kilima. Asiyetia nyongeza watu humwangalia mara mbili. Na mteja husema "Kongoi", ndiyo asante yetu. Asante hiyo si ya kilo, maana kilo ameilipia. Ni ya ile konzi ya mwisho.

Sasa niwape siri ya kaunta, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunifuta. Ule mfuko wa kaki ulikuwa mzito. Tuliuweka kwenye mizani pamoja na sukari, kwa hiyo mteja alikuwa ananunua karatasi kwa bei ya sukari. Nyongeza ilirudisha kile ambacho karatasi ilikula. Mzee Obuya alinionyesha siku moja duka likiwa tupu. Akapima mfuko mtupu, kisha akauondoa akapima konzi yake ya sukari, na mshale ukasimama karibu pale pale. "Tunawapa chao," akasema, "halafu wanatushukuru." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Kumbukeni kwamba nilicheka.

Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, tajiri wetu Bwana Koech alikwenda Nairobi siku tatu akarudi na ugonjwa wa selfu-savisi. Alikuwa ameona duka ambalo wateja wanazunguka wenyewe na vikapu, wanachukua wenyewe, wanakuja kulipa mlangoni kama watu walioelimika. Hatukulala salama tena. Aliivunja kaunta yetu kwa shoka, na mbao zake zikaenda kwake nyumbani zikawa banda la kuku. Akapiga shelfu ukutani, akapaka sakafu rangi nyekundu, akaisugua mpaka ikang'aa, akasema, "Hellen, kuanzia leo mteja ni mfalme, anajihudumia." Nikamuuliza ni mfalme gani anayejihudumia. Hakupenda swali hilo.

Wiki ya kwanza nilitamani kulia. Watu waliingia, wakasimama pale pale kaunta ilipokuwa, wakapanga laini mbele ya hewa. Mzee mmoja kutoka upande wa Chepilat alichukua kibiriti kwenye shelfu, akaja nacho kwangu akaniomba nimpe. "Lakini umekishika, mzee." "Nimekishika, ndiyo, lakini wewe hujanipa." Nikakichukua mkononi mwake nikampa. Akashukuru.

Halafu kulikuwa na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Kwa kuwa sakafu iling'aa hivyo, watu waliotoka shambani na matope waliona aibu, wakavua gambuti mlangoni na kuingia na soksi. Bwana Koech alifurahi sana. Lakini gambuti zote ni nyeusi, na miguu ya watu wengi ni namba nane. Kila jioni mtu mmoja alibaki mlangoni akiwa na gambuti mbili za kushoto, akipiga kelele kwamba duka hili lina wezi. Hapakuwa na mwizi. Kila mmoja alikuwa amechukua kilichofanana na chake akaenda kwao na dhamiri safi. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo, lakini nilikuwa na kazi ya kupanga viatu.

Lililonimaliza kabisa ni kona ya kujipimia. Bwana Koech aliweka kasha la sukari, la mchele na la maharagwe, kila moja na kikopo chake cha kuchotea. Akaweka mizani mpya na mifuko myepesi ya nailoni. Mteja achote, apime, aandike uzito kwenye kikaratasi, apeleke kwa kashia. Kashia alikuwa Mzee Obuya, na aliambiwa asipime tena, asome kikaratasi tu, kwa sababu Nairobi wanaaminiana. Kalamu tuliifunga kwa kamba. Siku ya pili ilikuwepo kamba tu.

Kona ile ilikuwa yangu. Nilijaza makasha, nilifuta mizani, nilikusanya vikaratasi. Na baada ya wiki chache ilionekana wazi kwamba sukari inapungua. Gunia la kilo hamsini lilikuwa linaleta vikaratasi vya kilo arobaini na saba. Gunia lingine, hivyo hivyo. Mchele nao, maharagwe nayo. Nilitafuta panya. Nilitafuta sisimizi. Nilipima gunia lenyewe kabla ya kulifungua, likawa kamili. Bwana Koech alinisikiliza akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Hellen," akasema, "kuna mtu anakula hii sukari. Kama si mteja ni wewe. Leo ni Jumatatu. Jumamosi niletee mwizi, ama ulete ufunguo wa stoo."

Nyinyi mna vyeti, mtatafuta kazi kwingine. Mimi nilikuwa na watoto watatu na mume aliyeumia mgongo kiwandani. Kazi nyingine niliyoijua ni kuchuma chai kama kibarua, kikapu mgongoni, mvua ya saa nane ikikupiga masikioni. Niliifanya nikiwa mdogo na niliapa sitairudia. Kwa hiyo niwe mkweli: kufikia Jumanne sikuwa natafuta ukweli tena. Nilikuwa natafuta mtu.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Nilijificha nyuma ya rundo la magodoro, mahali ambapo ningeona kasha la sukari kupitia upenyo. Nilikaa pale asubuhi nzima, vumbi la magodoro likiniingia puani, nikiwa nimejibana pua nisipige chafya. Saa nne hivi akaja Bot Cherono, yaani mama yake Cherono. Huyu alikuwa jirani yangu. Maziwa ya watoto wangu yalitoka kwa ng'ombe wake kila siku. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nilitaka kutoka nimsalimie, lakini pua yangu ilikuwa kazini.

Akachota sukari. Akaweka mfuko kwenye mizani, akainama, akapunguza kidogo, akaongeza kidogo, mpaka mshale ukakaa kwenye moja bila kutetemeka. Akaandika moja kwenye kikaratasi, kwa kalamu yake mwenyewe, maana yetu mnajua ilikokwenda. Akaushusha mfuko kutoka kwenye mizani. Halafu, bila haraka, bila kuangalia huku wala huku, akachota tena nusu kikopo, akatia ndani ya mfuko, akafunga.

Na akasema, "Kongoi."

Hapakuwa na mtu. Alisema asante kwa kasha la sukari.

Nimefikiria jambo hilo miaka mingi. Mwizi gani anasema asante kwa sauti? Mtu yeyote mwenye kichwa angesimama hapo hapo aelewe. Lakini mimi nilikuwa na Jumamosi ndani ya kichwa changu, na vumbi, na hasira ya siku tatu. Nilitoka nyuma ya magodoro kama mtu aliyefyatuka, nikamshika mkono.

"Bot Cherono! Umeongeza kitu!"

Duka lote lilisikia. Watu wakatoka kwenye shelfu za sabuni na majani ya chai. Yeye hakuchomoa mkono. Alinitazama tu, kwanza kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kama leo amepumua.

"Ndiyo," akasema. "Nimeongeza."

"Unakubali?"

"Nikatae nini? Hii kilo ni ya Koech, nimeandika hapa. Hii kidogo ni nyongeza yangu ya siku zote. Zamani Mzee Obuya alikuwa ananipa. Saa hii mmetoa mtu, mmeniwekea kikopo. Nimesimama, nimengoja, hakuna wa kunipa. Sasa si nijipe?"

Mama mmoja nyuma yake akasema, "Kwani hatakiwi? Hata mimi huwa najitilia." Mwingine akasema, "Mimi najitilia kidogo kuliko ile Obuya alikuwa ananipa, sitaki kuonekana mlafi." Mzee mmoja akauliza kwa wasiwasi kama mchele nao una nyongeza, maana amekuwa akijinyima tangu duka lifunguliwe upya. Nawaambieni, nilitamani sakafu ile nyekundu ipasuke inimeze. Wezi wangu walikuwa duka zima, na wote walipima kilo yao kwa uaminifu zaidi kuliko nilivyowahi kuwapimia mimi.

Ingekuwa imeishia hapo tungecheka. Lakini Bwana Koech alitoka ofisini, akasikia yote, na uso wake ukang'aa.

"Umefanya kazi, Hellen. Kazi yako iko." Akaniletea kadibodi ya sanduku la majani na ile kalamu nene ya kuandikia magunia. "Una mwandiko mzuri. Andika hapa: Nyongeza ni wizi. Herufi kubwa."

Nilimtazama Mzee Obuya pale kwenye meza yake ya kashia. Alinitazama pia. Sote wawili tulijua habari ya mfuko wa kaki. Ningeweza kusema, Bwana Koech, hawa watu umewauzia karatasi kwa bei ya sukari tangu duka lako lifunguliwe, na hii nusu kikopo ndiyo tuliyokuwa tukiwarudishia. Ningeweza kumwambia pia kwamba nailoni haina uzito, kwa hiyo nyongeza sasa inatoka kwenye gunia kweli, tutafute njia ya kuwaeleza watu kwa heshima. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona kikapu cha chai, nikaona mvua ya saa nane. Mzee Obuya akateremsha macho, akaanza kupanga sarafu zilizokuwa zimepangwa.

Nikaandika. NYONGEZA NI WIZI. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kweli. Bot Cherono alisimama pale mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho. Halafu akafungua mfuko wake, akarudisha ile nusu kikopo ndani ya kasha, akaweka mfuko kwenye mizani tena ili kila mtu aone moja, akaenda akalipa. Alimsalimia Obuya. Mimi alinipita.

Kona ya kujipimia haikumaliza mwaka. Bwana Koech aliona afadhali tufunge sukari kilo kilo mapema, mifuko ya nailoni tukiiziba kwa moto wa mshumaa, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Vidole hivi vina alama zake. Mzee Obuya alistaafu akarudi kwao ziwani. Siku ya kuaga alinishika mkono kwa muda mrefu akaniambia, "Nyara, tungesema." Nikamwambia ndiyo, tungesema. Hatukuongeza.

Mnaniuliza ubaya wa hizo mashine zenu uko wapi. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni huu: mnampa mteja kazi iliyokuwa yangu, hamumpi mshahara wake, halafu mnamwekea mtu wa kumchunga. Mnaondoa mkono uliokuwa ukimpa, na mkimwona anajipa mnapiga kengele. Kabla hujauliza bibi wa watu ameongeza nini, angalia mikono yake. Pengine anajaribu tu kushika vitu vitatu kwa mikono miwili.

Na mkitaka kujua nililipa nini kwa ile kadibodi, nitawaambia. Jioni ya Alhamisi ile ile nilikwenda kwa Bot Cherono kuchukua maziwa. Nilidhani ataninyima, na nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Hakuninyima. Alichukua kipimo chake cha lita, akamimina mpaka kwenye mstari, akakiinua usawa wa macho, akaangalia. Akarudisha matone mawili kwenye mtungi. Akanimiminia kwenye jagi langu, akafunika mtungi. Niliomba msamaha. Akasema, "Hakuna shida, Bot Kibet," akiniita kwa jina la mwanangu. Kesho yake ilikuwa lita kamili. Kesho kutwa, lita kamili. Watoto wangu walikua kwa lita kamili, wakaoa na kuolewa. Nilipeleka zawadi Krismasi, akapokea vizuri, akanipa chai na mkate. Tulizika pamoja, tuliimba pamoja. Maziwa yalibaki kwenye mstari.

Siku hizi amezeeka, anaota jua kwenye kiti mlangoni, na Cherono mwenyewe ndiye anayeuza. Niliporudi kutoka Nairobi, bado na hasira ya ile mashine, nilipita pale na jagi langu. Cherono akanipimia, kisha, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akainua mtungi tena anitilie kidogo juu.

"Wacha," mama yake akasema kutoka kwenye kiti, bila ukali wowote. "Huyo hupenda ipimwe sawasawa."

Cherono akanitazama, hakuelewa. Nikamwambia ni kweli. Nikalipa, nikachukua lita yangu moja kamili, nikaenda nyumbani.